Mkongojo wa Kunolea

Mliponiaga pale karakana mlinizawadia kiti. Nashukuru. Ni kiti kizuri cha kiwandani, chenye miguu ya chuma. Mtu aliyekereza miguu ya viti na matendegu ya vitanda tangu ndevu hazijamwota, mnamkalisha juu ya bomba. Sisemi neno. Nimekikalia, na nikiwa juu yake naandika haya, kwa sababu baadhi yenu mliniuliza ule mkongojo ulio chini ya jiwe la kunolea ulitoka wapi, na kila mmoja alikuwa ameambiwa habari tofauti. Zote mlizoambiwa ni za uongo. Baadhi nilizisema mimi.

Vyeo vyangu sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara nao mnaujua, mnapokea uleule. Nitasema habari za kunoa, na za mtu aliyenifundisha kunoa bila kunifundisha.

Nilishuka mjini vita vikuu vya pili vikiwa vimekwisha majuzi. Kwetu ni juu ya milima ya Uluguru, kijiji cha misheni, ambako watu walilima maharage na kabichi kwenye miteremko mikali kiasi kwamba ukiteleza shambani kwako unaokotwa shambani kwa jirani. Mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli juu yangu kuliko baba, aliona jembe halinipendi. Akanipeleka Morogoro kwa Bwana Premji, Mhindi aliyekuwa na karakana ya useremala karibu na reli. Mjomba alinisifu sana. Alisema, "Huyu Benedikto anajua kunoa. Mapanga ya kijiji kizima ananoa yeye."

Bwana Premji alinitazama kama anavyotazama ubao wenye fundo, kisha akageuza shingo na kuita, "Shomari! Mtu wako huyu."

Fundi Shomari alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Kwa maneno yake mwenyewe, alipanda treni kwenda Dar es Salaam, akateremka Morogoro kununua ndizi, treni ikamwacha. Akaoa Mwembesongo, mtaa wa palepale mjini, akabaki kukereza mbao. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kitambaa iliyojaa vumbi la mbao hata siku za sikukuu. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo alikuwa na kibali cha kunitukana kuanzia dakika ya kwanza, na hakukiacha kibali hicho kikaharibika kwa kukaa bure.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye mnoa mapanga?"

"Ndiyo, Fundi."

"Noa hii."

Alinipa bobari, ile patasi yenye ulimi uliopinda kama ukucha. Sikuwahi kuishika. Niliinoa kama ninavyonoa panga, pande zote mbili, nyembamba, ikang'aa, ikanyoa nywele za mkono wangu. Nilijivuna. Fundi Shomari akaipokea, akafunga kipande cha mti kwenye mashine, akamwashiria Gaspari azungushe. Gaspari alikuwa kijana wa mlimani kama mimi, mwenye mabega ya ng'ombe, na kazi yake ilikuwa kuzungusha gurudumu kubwa lililovuta mkanda wa mashine. Mti ukazunguka, bobari ikagusa, ikachimba, ikang'oa pande la mti na kulirusha juu ya dari.

Shomari akaifunga bobari ile kwa kamba, akaitundika mlangoni. "Jamani, njooni mwone! Mluguru katuletea kijiko cha uji!"

Kilikaa mlangoni mpaka watu wakazoea. Mama mmoja muuza mboga aliuliza kama kinauzwa.

Sasa ninyi mnajua kosa lilikuwa wapi, maana mmelisikia kwangu mpaka mmechoka, lakini naandika kwa ajili ya wale watakaokuja baada yenu. Panga linakata na kupita. Chombo cha kukerezea hakipiti, kinakaa. Nyuma ya makali yake pana mteremko, na mteremko huo ndio unaoegemea kwenye mti unaozunguka, kama mtu anavyoegemea ukuta kabla ya kuanza umbea. Ukishaegemea vizuri, unainua mpini kidogo na makali yanaanza kula taratibu, na mbao inatoka kwa utepe mrefu. Mteremko ukiwa wa mviringo kama tumbo la bakuli, hauna pa kuegemea. Chombo kitarukaruka, kisha kitauma, na kikiuma hakichagui kati ya mbao na mwenye mbao.

Basi kazi yote ni kuupata mteremko mmoja, ulionyooka, uleule, kila unaponoa. Fundi Shomari aliupata kwa jicho. Alisimama mbele ya jiwe la mviringo, Gaspari akilizungusha na maji yakidondoka juu yake kutoka kwenye kopo lililotobolewa, naye akaiweka bobari na kuanza kuyumba kiuno kama mtu anayesikia ngoma ya mbali. Akimaliza, mteremko ulikuwa mmoja, unang'aa kama kioo.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona, Fundi."

"Umeona nini?"

Nilikuwa nimeona kiuno. Hilo ndilo lililokuwa somo zima. Nilimwomba anieleze, akasema kunoa hakuelezwi, kunaingia. Nilimuuliza kunaingilia wapi. Akaniambia kwa Mluguru hakuna mlango. Nimekutana na walimu wengi wa namna hiyo baadaye, wengine wakiwa na vyeti, na wote walifanana: kazi waliijua kweli, na siri ya kazi hawakuijua, kwa hiyo waliilinda sana.

Mimi kiuno changu hakikuwa na ngoma. Nilinoa leo nikapata mteremko huu, kesho nikapata mwingine, na kila nilipousahihisha chuma kilipungua. Wakati ule chuma kizuri kilikuwa taabu kupatikana. Patasi zangu zilikuwa zinafupika kama sabuni. Bwana Premji alipita, akapima moja kwa kidole, akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "Benedikto, hii yote iko wapi? Veve nakula?"

Ndipo nikatengeneza ule mkongojo. Msidhani nilipata ufunuo. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nilichukua kipande cha mkongo, mbao ngumu isiyoogopa maji, nikakichonga kuwa mkono mrefu unaopita chini ya jiwe na kutokeza mbele. Kwenye ncha nikachimba kishimo cha kukalia kitako cha mpini wa patasi. Mkono nikaupitisha kwenye tundu la mbao, unaweza kuusogeza mbele au nyuma, kisha unaukaza kwa kabari. Kitako cha mpini kikikaa kishimoni, makali yanaliangukia jiwe pembe ileile, upende usipende. Kazi yako ni kuuzungusha mpini kulia na kushoto ili ulimi wote uguse. Unajuaje kama mkono umekaa sawasawa? Unapaka mteremko masizi ya koroboi, unagusisha jiwe mara moja tu, unatazama. Masizi yakitoka yote, kaza kabari. Yakitoka juu peke yake au chini peke yake, sogeza. Hapo hapana siri wala kiuno.

Walicheka siku nzima. Jina "mkongojo" alilitoa Shomari palepale. "Mtu mzima, ana miguu yake miwili, anatembea na mkongojo!" Gaspari, ambaye hajanoa hata kisu cha nyanya maishani mwake, naye alicheka kwa sauti ya mtu mwenye utaalamu. Hata hivyo bobari yangu ilianza kutoa utepe mrefu. Shomari aliuokota mmoja sakafuni, akautazama kwenye mwanga, akautupa. "Wa bahati," akasema.

Miaka ikapita hivyo. Nilikereza matendegu, michi, vigoda, nguzo za ngazi za nyumba za wakubwa, na bado niliitwa Mzee wa Mkongojo wakati sina mvi hata moja.

Kisha misheni ya kwetu mlimani ikaagiza kazi. Walikuwa wamejenga kanisa jipya, na walitaka kile kizuio cha mbele ya altare, ambapo waumini hupiga magoti kupokea komunyo. Kizuio chote kilikuwa kisimame juu ya nguzo fupi za mninga zilizokerezwa, nyingi, zote sawa. Aliyeleta agizo alikuwa Mwalimu Teofili, katekista, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuimbisha. Alirudia mara kwa mara, "Zote sawa, Fundi. Watoto wetu wakichoka na mahubiri huwa wanahesabu na kulinganisha."

"Mwalimu," Shomari akamjibu, "mimi hata nikitaka kukosea, mkono unakataa."

Mkono haukukataa. Nguzo za kwanza zilitoka zimechanika nyuzi, shingo nene hapa, nyembamba pale, kama familia isiyo ya baba mmoja. Shomari alilaumu mbao. Alilaumu jiwe. Alimlaumu Gaspari kwamba anazungusha kwa kinyongo. Siku moja patasi ikauma, nguzo ikachomoka kwenye mashine, ikapita kando ya sikio la Gaspari na kulitoboa birika la chai la Bwana Premji. Chai yote ikamwagika juu ya mbao zilizokwisha kupigwa msasa. Gaspari alikaa chini akashika sikio lake, akahakikisha lipo.

Bwana Premji hakupiga kelele. Aliliokota birika, akalitazama tundu, akasema, "Shomari, mimi naandika kwa ndugu yangu Dar. Kule iko fundi kijana. Mwalimu akirudi kutazama kazi, kama nguzo iko hivihivi, veve pumzika nyumbani."

Asubuhi iliyofuata niliwahi. Nilikuwa ndani nafagia nilipomwona Shomari akija kutoka upande wa Mwembesongo na mkewe, Bi Mwamini. Walikuja wameshikana mikono, jambo ambalo wazee wa wakati ule hawakulifanya barabarani hata nyumba ikiungua. Walipofika kona ya mwisho mama yule akamwachia, akasimama akimtazama. Shomari akaja peke yake, amenyooka, haraka, kama mtu mwenye shughuli zake. Akaingia. Koti la Bwana Premji lilikuwa limetundikwa msumarini penye kiti chake.

"Habari za asubuhi, Bwana Premji," Shomari akaliambia.

Nikaacha kufagia.

"Fundi," nikasema, "shikamoo."

Akashtuka. "Marahaba. Ulikuwa umejificha?"

"Sikujificha. Fundi, macho."

"Macho yana nini?"

"Umesalimia koti."

"Nimelisalimia," akasema, "kwa sababu lina adabu kuliko wewe."

Mlangoni Bi Mwamini alikuwa amefika, ameniona nimeona. Alinieleza yeye, si mumewe. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ulianza zamani. Walimwambia yuko daktari Dar es Salaam anayeweza kujaribu kuutoa kwa kisu. Shomari alikataa. Alisema hatamruhusu mtu asiyemjua anoe jicho lake kwa kukisia. Kutoka kona ile, njia ya kuja kazini aliijua kwa miguu. Jiwe alilijua kwa sikio. Lakini mteremko wa makali, ule ambao alituambia kila siku unaingia wenyewe, ulikuwa umetoka wenyewe.

"Mwanangu," Bi Mwamini akaniambia, "akikaa nyumbani huyu atakufa. Na kabla hajafa ataniua mimi kwa maneno."

Nilimwambia Shomari atumie mkongojo. Alinitukana kwa Kinyamwezi, kisha akanitafsiria nisije nikakosa. Siku hiyo hakukereza kitu. Alikaa juu ya gogo akipapasa patasi zake moja baada ya nyingine, akizigusa kwa dole gumba, akizirudisha.

Watu walipotoka kwenda kula mchana, alibaki. Nami nikabaki, nikijifanya natafuta msasa.

"Lete huo mkongojo wako," akasema, "niuone ulivyo mbaya."

Nikamwongoza mkono. Akaupapasa mkongojo kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaingiza kidole kwenye kishimo. "Hiki kimechongwa na panya?" Akapima kabari. "Na hii inalegea." Kisha akaupitisha mkono ule mbele na nyuma, mbele na nyuma, na nikaona uso wake umebadilika, ukawa uso wa mtu anayefanya kazi. "Unajuaje pa kuukazia?"

"Natazama masizi."

"Unatazama. Na asiyetaka kutazama?"

Nikaushika mkongojo usiyumbe.

"Piga pengo kwenye huu mkono kwa msumeno," akasema. "Pengo moja mahali pa bobari. Mawili mahali pa patasi bapa. Matatu ya ile nyembamba ya kukatia. Kidole kinasoma. Kazi yako Mluguru umeifanya nusu, kama kawaida."

Mapengo yale ndiyo mnayoyaona mpaka leo. Yule kijana aliyeniuliza kama ni mapambo, jibu lake ndilo hilo. Na ndiyo maana nilisema habari zote mlizoambiwa ni za uongo: Mwembesongo nzima ilikuja kuambiwa kwamba kifaa kile kilibuniwa na Shomari, wakati mimi nilikuwa nashikilia taa. Gaspari aliwaambia wake zake wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba kilibuniwa na Gaspari.

Nikapiga mapengo. Shomari akapachika bobari, nikamzungushia jiwe mwenyewe. Mwanzo alianza kuyumba kiuno kwa mazoea, kisha akaacha. Alipoiondoa, mteremko ulikuwa mmoja, umenyooka, unang'aa. Aliugusa kwa ukucha. Hakusema umetokaje. Alisema, "Nyingine."

Bwana Premji aliporudi akatukuta mimi niko kwenye mashine nakereza nguzo, na Shomari yuko kwenye jiwe, patasi zote za karakana zimepangwa mbele yake.

"Nini hii?" akauliza.

Shomari hakugeuka. "Bwana Premji, umekaa na mafundi miaka yote hii na hujui taratibu? Fundi mkubwa hakerezi. Fundi mkubwa ananoa. Kukereza ni kazi ya vijana."

Bwana Premji alitazama patasi. Akatazama nguzo yangu, akaizungusha mkononi, nyororo, haijaguswa na msasa. Kisha akamtazama Shomari usoni kwa muda, na Shomari akawa anatazama mahali ambapo Bwana Premji hayupo.

"Iko sawa," Bwana Premji akasema mwisho. "Tena mimi nilitaka kusema hivyohivyo." Akaenda kwenye kiti chake. Barua ya Dar sijui kama iliwahi kuandikwa. Ila kuanzia siku ile koti lake hakulitundika tena penye kiti. Alilitundika nje.

Mwalimu Teofili alikuja, akalinganisha nguzo mbilimbili kama mtu anayechagua nguo za mapacha, akakosa kasoro, akaimba kidogo. Wakati wa kuzipandisha mlimani, vijana wa misheni walizibeba vichwani, na mimi na Gaspari tukaenda kuzifunga. Shomari akasema naye anakwenda. Nilimwambia njia ni mbaya, kuna makorongo, kuna mito. Akasema ndiyo maana anakwenda, mimi sina akili ya kufika peke yangu. Akaweka mkono begani mwangu. "Nakushika usije ukapotea," akasema mbele ya watu, na hivyo ndivyo tulivyopanda, mimi mzaliwa wa mlima ule, nikichungwa na mtu wa Tabora asiyeona. Wanawake wa kwetu waliokuwa wanashuka na matenga ya mboga walimpisha kwa heshima. Mimi walinicheka.

Kanisani alivua viatu mlangoni. Mwalimu Teofili akamwambia, "Fundi, sisi hatuvui."

"Nyumba ya Mungu ni nyumba," Shomari akasema, "na viatu vyangu vina tope la mlima wenu."

Tulifunga kizuio chote. Jioni ilipokaribia, kazi ilipokwisha, Shomari akaomba apitie. Alianza mwisho wa kushoto, akachuchumaa, akashika nguzo ya kwanza kwa viganja viwili, kutoka kitako mpaka shingo. Akaenda ya pili. Mwalimu Teofili alisimama nyuma yake na taa ambayo Shomari hakuihitaji. Shomari alipita nguzo moja baada ya nyingine, mwendo mmoja, mpaka karibu na katikati, akasita. Akairudia aliyoiacha. Akaishika tena.

"Benedikto."

"Naam, Fundi."

"Hii imefanywa na nani?"

Nikainama kuitazama. Shingo yake ilikuwa nene kuliko za wenzake, na nyuzi zilichanika upande mmoja. Ilikuwa moja ya zile za mwanzo, imechanganyika na nyingine na kubebwa mpaka huku. Nilimtazama Gaspari, Gaspari akatazama dari.

"Wewe, Fundi," nikasema.

Viganja vyake vilibaki pale. Nilidhani atalaumu mbao. Nilimsubiri alaumu mbao, na nilikuwa tayari kumkubalia.

"Nitaing'oa," nikasema. "Kesho nitaleta nyingine."

"Wenzako," akauliza, "wakipiga magoti hapa kusali, hufumba macho?"

Mwalimu Teofili ndiye aliyemjibu. "Hufumba, Fundi. Wote."

"Basi iacheni," Shomari akasema. "Wataiona kama ninavyoiona mimi."

Akamalizia nguzo zilizobaki, akasimama, akapangusa magoti. Nikampa viatu vyake. Tulishuka kabla giza halijaingia, mkono wake begani mwangu, na mpaka tunafika mtoni hakuwa amenitukana hata mara moja. Nilitembea mbele yake nikisikiliza, nikingoja.